Lengelenge la Adongo

Minyororo. Ndiyo niliyoisikia kwanza, kabla sijafumbua macho. Ilikuwa inagongana, inaburuta bati, inakuja upande wangu.

Nilikuwa nimelala chali kwenye benchi la wateja, mchana mweupe, mlango wa studio nimeufunga kwa ndani. Nikajiambia hao ni polisi. Halafu nikasikia injini ikikohoa, na watoto wa Kaloleni wakishangilia miwa, miwa, nikajua ni lori la miwa. Lilikuwa tupu. Minyororo ya kufungia mzigo ilikuwa inaning'inia kando.

Lori la miwa halina shughuli Kaloleni, mtaani kwetu Kisumu. Nikajua ni Byron.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa dagaa wa omena kabla hujafika ukurasa huu, nitakusogeza haraka. Mimi ni Okinyi, mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja, na mshairi ambaye hakufundishwa na mtu. Nilialikwa Awasi kupiga picha za ayie, siku ambayo mama wa binti anawakubali wakwe. Binti alikuwa Apiyo. Bwana alikuwa Byron wa Muhoroni, mtoto wa Mzee Ouma mwenye mashamba ya miwa. Siku hizi mambo huunganishwa, basi ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuja siku hiyohiyo.

Apiyo ana pacha wake, Adongo. Wamefanana mpaka mama yao huwatofautisha kwa sauti. Huyo Adongo ndiye ninayempenda mimi, kwa siri, kwa sababu mama aliapa hataki kusikia habari za mwanamume mwingine mpaka Apiyo amalize kuolewa.

Siku ile mapacha walivaa kitenge kimoja, mshono mmoja. Kitu pekee kilichowatenganisha ni lengelenge. Usiku wa kuamkia sherehe Adongo alimponda nairobi flai shavuni akiwa usingizini, kale kadudu kembamba kekundu na keusi ambako hakaumi, lakini maji yake huunguza kama mafuta ya kukaangia. Asubuhi shavu la kushoto lilikuwa na lengelenge refu linalong'aa. Wageni wa Muhoroni, ambao walikuwa hawajawahi kuwaona mapacha hao pamoja, wakaelekezwa mlangoni: mwenye lengelenge si wenu, wenu ni yule mwingine. Wakacheka, wakashika.

Watu walipokuwa wanakula, Adongo na mimi tulijiiba tukaenda nyuma ya tangi la maji. Niliweka kamera juu ya jerikeni, nikaiacha ijipige yenyewe. Amenishika kola, anacheka. Picha hiyo niliitia kwenye ukurasa wa studio yangu mtandaoni, na shairi chini yake. Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita, picha ikiwa inapita simu kwa simu mpaka Muhoroni na mimi nimejifungia ndani.

Kuna jambo sikuwaambia. Niliona aibu.

Picha niliyoitia haikuwa na lengelenge.

Mnaonijua mtashangaa, kwa sababu msimamo wangu umeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, juu ya benchi hilohilo nililokuwa nimelalia: HAPA HATUFUTI SURA YA MTU. Nimegombana na maharusi kwa sababu ya maneno hayo. Nimegombana na mwalimu mmoja wa kwaya. Huwa nawaambia picha ni shahidi, na shahidi hapakwi poda. Nusu ya wateja wangu wamehamia kwa jirani, ambaye huwatoa wote wakiwa laini kama mayai yaliyomenywa, na mimi nimekaa hapa na kiburi changu na benchi tupu.

Hata Awasi, siku ya ayie, sikulegea. Mshenga wa kina Byron alikuwa shangazi yake, Seline. Kwa Kijaluo shangazi ni waya, basi ukoo mzima unamwita Waya Seline. Alinijia kwa upole, na chunusi moja puani, akaniomba niitoe kwenye picha. Nikampa hotuba mbele ya watu. Nikamwambia chunusi hiyo imekuja kwenye ayie kama mgeni mwingine yeyote, na imekula wali kama wengine, kwa nini niifukuze.

Watu walicheka mpaka sufuria zikatikisika. Waya Seline hakucheka.

Sasa siku ya pili yake Adongo akaja studio kuiona picha yetu. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, palepale shavuni.

"Hili litoe."

"Sifuti, Adongo. Unajua."

Aliniuliza kama nimeliona kovu lililo juu ya nyusi yake. Nikasema nimeliona. Akasema hilo niliache, alilipata akiwa mdogo alipoanguka na ndoo ya maji, ni lake, atazikwa nalo. Lakini lengelenge alikuja nalo mdudu, na litaondoka kabla mwezi haujaisha.

"Kitu kitakachokaa na mimi wiki mbili unataka kikae kwenye picha mpaka wajukuu? Wataniuliza, nyanya, ulichomwa na nini? Hapo picha yako ndiyo itakuwa inawadanganya."

Nikamwambia siku ile alikuwa nalo, na siku ile ndiyo niliyoipiga.

"Siku ile pia nilikuwa na njaa," akasema. "Mbona njaa haionekani?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu kuanzia Kibuye mpaka Dunga, nikavuta kiti mbele ya kompyuta.

Nilifuta. Nilichukua ngozi ya shavu la kulia nikaihamishia la kushoto, polepole, kama mtu anayeziba tundu la nyavu. Niliona aibu, na papo hapo niliona raha, kwa sababu kazi ilitoka safi hata mimi mwenyewe nisingeigundua. Kisha Adongo alinisimamia mpaka ile ya kwanza ikafutwa kwenye kompyuta, na kwenye kadi ya kamera pia. Picha nyingine zote za sherehe hatukuzigusa. Zilikuwa za wenyewe, na zilishatumwa Muhoroni. Humo lengelenge lake lilikuwa linawaka kama taa.

Alipoondoka nilibaki na uso ule safi mbele yangu, na kalamu karibu. Mtu aliyejifunza ushairi peke yake hana wa kumwambia anyamaze. Nikaandika:

Uso usio na waa, ni mchana bila wingu,
Hata nyota zikijaa, wewe ndiwe nyota yangu,
Waje wenye kushangaa, watakukuta ni kwangu,
Sitaikata tamaa, hadi uwe mke wangu.

Mizani imekaa, vina vimekaa. Jina sikulitaja, kwa heshima ya mama yake. Nilihesabu silabi mara tatu na sikufikiri hata mara moja.

Mlango ukagongwa. Nikafungua.

Byron hakuja na rungu. Hilo lilinivunja nguvu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa rungu. Ni kijana mrefu, mpole, mikono imejaa mikwaruzo ya majani ya miwa. Nyuma yake alisimama Waya Seline, mkoba kifuani, pua yake safi kabisa.

"Omera," Byron akasema, maana yake ndugu yangu, na ilinichoma kuliko tusi. "Sikuja kupigana. Nimekuja kuuliza swali moja tu."

Alinyoosha simu. Nikajiona nimeshikwa kola, nyuma ya tangi, na kitenge cha ayie, na shairi langu chini.

"Huyu ni nani?"

"Adongo."

Byron akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mwalimu anayetaka mtoto ajaribu tena. Alisema yeye mwenyewe alimwona Adongo siku ile. Baba yake, Mzee Ouma, alimwuliza Adongo mbele yake kama ameungua na kikaango. Wageni wote waliliona lengelenge. Picha ulizotutumia, akasema, tumeziangalia moja moja, na kila penye Adongo pana lengelenge. "Hapa halipo. Kitenge ni cha siku ileile. Sasa niambie tena huyu ni nani."

"Ni Adongo. Lengelenge nililifuta."

Byron akaishusha simu. Kisha Waya Seline akaanza kucheka, taratibu, kutoka tumboni, kicheko alichokuwa amekihifadhi tangu Awasi.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulifuta?"

Aligeuza tu kichwa akaangalia ukutani, juu ya benchi. Byron naye akaangalia. Mimi pia, nikayasoma maandishi yangu mwenyewe kana kwamba yaliandikwa na adui.

HAPA HATUFUTI SURA YA MTU.

"Chunusi yangu ilikula wali," Waya Seline akasema. "Kumbe lengelenge la watu halina njaa."

Nilijieleza. Nilijieleza vibaya, kwa sauti kubwa, kama ninavyofanya siku zote nikiwa na haki. Nikasema nilifuta mara moja tu maishani, kwa sababu niliombwa na ninayempenda. Waya Seline akasema hivyo ndivyo hasa wanavyosema wote, mara moja tu. Nikasema Apiyo alikuwa ndani ya nyumba muda wote, waulizeni wanawake waliokuwa naye. Akasema wanawake hao ni wa nyumba ya kina Apiyo, na hajawahi kuona paka akitoa ushahidi dhidi ya paka kwa ajili ya samaki.

"Basi muulizeni Adongo mwenyewe."

"Tumetoka huko," Byron akasema. Walipitia Awasi. Adongo alijitokeza mwenyewe mbele ya mama yake akasema ni yeye. "Lakini pacha humbebea pacha, Okinyi. Na mashavu ya wote wawili ni safi. Nimeyaangalia kwa macho haya."

Ndipo nikaelewa shimo nililochimba. Lile la ngozi limepona. Lile la picha nimelifuta. Lengelenge lile halipo tena popote duniani pale ninapolihitaji, na lipo kwenye kila picha isiyonisaidia.

Byron aliketi kwenye benchi. Alisema baba yake hasemi tena, ameshaamua: Jumapili baada ya kanisa wazee watakwenda Awasi kuwafungua ng'ombe wao wa mahari na kumaliza maneno. Habari itafika kila soko kuanzia Muhoroni mpaka hapa, na Apiyo ataitwa msichana aliyekuwa nyuma ya tangi huku wakwe wanakula. Akasema hayo bila kuniangalia. Niliona anampenda, na niliona hajui upendo huo auweke wapi.

"Wewe unaamini nini?" nikamwuliza.

"Mimi naamini ninachokiona. Na wewe ndiye uliyenifundisha. Si ulisema picha ni shahidi?"

Jamani. Maneno yangu yanapendwa na watu wote siku ambayo siyataki.

Akasimama. Akasema kitu kimoja kingeweza kumgeuza baba yake: ile picha ya kwanza, kabla ya kufutwa. Nikasema haipo, niliifuta Adongo akiwa ananiangalia. Waya Seline akafunga mkoba wake kwa kishindo. Ndipo nikaikumbuka kadi.

Kadi ile ya kamera sikuitumia tena baada ya siku ile. Niliitia kwenye bahasha, nikaiweka chini ya godoro, kwa sababu za kipumbavu za mapenzi. Na fundi mmoja alishawahi kuniambia kwamba vitu vilivyofutwa kwenye kadi haviendi mbali.

"Jumapili nitakuja Awasi na picha hiyo," nikamwambia Byron. "Baba yako ataliona lengelenge kwa macho yake."

Byron alinipa mkono. Waya Seline hakunipa. Minyororo ikaondoka ikigongana, watoto nyuma yake.

Nilikwenda mbio kwa Hemedi, anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda karibu na msikiti. Nilimwambia nusu ya habari, nusu nyingine alikuwa anaijua. Kisumu nzima ilikuwa inaijua. Aliichomeka kadi, akavuta kiti.

"Kaka, kufuta kwenye kadi ni kama kumfukuza mpangaji. Jina umelitoa mlangoni, lakini yeye bado amelala ndani mpaka aje mpangaji mwingine. Omba Mungu hakuja mwingine."

"Hakuja."

"Basi subiri. Na ukisubiri, nisomee lile shairi. Mke wangu Khadijah amelihifadhi kwenye simu yake, ananiuliza mbona mimi siwezi."

Sikumsomea. Nilikaa nikatafuna kucha. Vipande vikaanza kurudi kimoja kimoja: mguu wa mbuzi, kofia ya Mzee Ouma, Waya Seline akiifunika pua kwa kiganja. Halafu tangi. Halafu kola yangu. Halafu shavu la kushoto, na juu yake lengelenge, refu, jekundu, limetuna maji, baya kabisa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilimkumbatia Hemedi mpaka bisibisi ikamchoma.

Nilirudi Kaloleni nikiwa na picha hiyo kwenye simu na kwenye kadi. Barabarani nilishaanza kutunga shairi la ushindi. Nilimwona Mzee Ouma akiniomba radhi, Waya Seline akiomba ardhi impasukie, mama wa mapacha akiniambia mwanangu, kumbe ni wewe, karibu ukae.

Na mlangoni kwangu alikuwa amesimama Adongo.

Alijifunga kitambaa kichwani, macho mekundu, vumbi la safari miguuni. Sikuuliza kitu. Nilimshika mabega nikamwambia, mpenzi, yamekwisha, nimelipata lengelenge lako.

Alinitoa mikono taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi ni Apiyo," akasema. "Hata wewe."

Sauti ni tofauti, nzito kidogo. Na juu ya nyusi hapakuwa na kovu. Nilikuwa sijaangalia. Mimi, mwenye jicho la kujivunia, niliyempiga picha mwenzake na kuihariri ngozi yake kwa mkono wangu, niliona shavu safi na machozi nikaendelea na mambo yangu.

Nilimkaribisha ndani. Aliketi chini ya maandishi yangu mekundu, akaniomba maji, akanywa yote. Kisha akaniambia nimwonyeshe picha. Nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akatabasamu kidogo alipomwona dada yake anavyocheka.

"Ifute," akasema.

Nilidhani sikusikia.

Akarudia. Alisema mama yake ameacha kula. Alisema baba zake wadogo wamekaa vikao viwili. Alisema Waya Seline amempigia simu mama, Mzee Ouma amempigia chifu, Byron amekuja na lori mpaka Awasi akamwangalia yeye shavu kama mtu anayenunua ndama, akaondoka, akaja kwangu. "Amekuuliza wewe. Amemwuliza Adongo. Ameziuliza picha zote moja moja. Unajua nani hajaulizwa?"

Nilijua.

"Tangu picha hiyo itoke, Byron hajaniuliza mimi neno moja. Hata, Apiyo, ni wewe? Ningemwambia siyo, yangekwisha. Sasa niambie wewe mwenye maneno mengi. Mtu anayeiamini picha kabla hajaniuliza mimi, nitakaa naye vipi miaka yote?"

Nilijaribu kumtetea Byron. Nikasema anampenda, nimemwona. Akasema huenda anampenda yule msafi aliyeelekezwa mlangoni. "Na mimi nikiungua shavu kesho?"

Akasema hataki tena Muhoroni. Wazee waje Jumapili, wawafungue ng'ombe wao, waende salama, naye abaki na uhuru wake. Kosa langu, akasema, ndilo jambo la kwanza la maana nililowahi kumfanyia mtu.

Hapo moto wangu ukawaka, sitaficha. Nilimwuliza, na mimi je? Nilimwuliza kuhusu Adongo. Nikinyamaza Jumapili, mimi nitakuwa mwizi wa mke wa mtu mpaka kaburini. Mama yake hatanipa Adongo hata nikimletea ng'ombe wote wa nyanda za Kano. Nikamwambia siwezi kubeba jina hilo kwa sababu yeye amemkasirikia mchumba wake. Nikamwambia nimeahidi, picha itakwenda, na wazee wataliona lengelenge.

Apiyo hakupandisha sauti. Alinyanyua macho yake ukutani, kisha akanirudishia mimi.

"Ipeleke. Nami nitasimama niwaambie lengelenge umelichora."

"Nimelichora?"

"Si umekwisha kuwaambia kwamba unaweza kulifuta mpaka lisionekane? Mkono unaoweza kufuta unashindwaje kuchora? Nitawaambia ni mimi niliye nyuma ya tangi, na wewe umenipaka lengelenge la dada yangu ili kuniokoa. Nani atabisha? Waya Seline?"

Niliketi sakafuni.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilipolifuta lengelenge moja nilikuwa nimezifuta picha zangu zote, zilizopita na zitakazokuja. Ile ya Hemedi haikuwa na thamani tena kuliko neno la mtu, na neno lenyewe lilikuwa la Apiyo. Nilimtukana mdudu. Nilimtukana aliyebuni kompyuta. Nilikaribia kumtukana Adongo na njaa yake isiyoonekana, nikajizuia.

Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Sote wawili tuliliona jina: Adongo.

Nilijua anachotaka kuuliza. Umeipata? Utaileta? Apiyo naye alijua. Aliikunja mikono akaningoja. Mara ya kwanza niliuangalia uso wake kama uso wake, si kama nakala ya mwingine. Ana kidoti kidogo chini ya sikio. Huuma mdomo wa chini akiwa anaogopa. Na alikuwa anaogopa sana.

"Swali moja," nikamwambia. "Tuseme Byron amekuuliza. Jumapili, kwa mdomo wake, mbele ya baba yake. Ungemjibu nini?"

Machozi yakamtoka tena.

"Sijui," akasema. "Haki ya Mungu, Okinyi, sijui. Inategemea ataniulizaje."

Simu ikatetemeka, ikatulia, ikaanza tena. Nilitaka kuipokea kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Huku upande mmoja kuna Adongo na jina langu safi. Upande huu kuna msichana asiyenipenda, asiyenidai kitu, ambaye kila mtu amemwangalia na hakuna aliyemsikiliza, na orodha ya waliomwangalia hivyo ilianza na mimi, mlangoni, dakika chache zilizopita.

Nikaigeuza simu ikalala kifudifudi. Iliendelea kutetemeka mpaka ikachoka.

Kisha nilisimama, nikasema kwa sauti, ili hata ukuta ule unisikie:

"Apiyo, nakuahidi. Jumapili nitakuja Awasi, na picha itakaa mfukoni mwangu. Haitatoka mpaka Byron akuulize wewe kwanza, mbele ya wazee wote. Asipouliza, nitamwambia aulize. Na utakachokijibu, hata kama utasema ni wewe uliye nyuma ya tangi, hata kama jibu lako litaninyima Adongo, mimi sitakupinga kwa neno wala kwa picha."